Hii au Hii

Jumatatu, 2 Machi

Naanza kuandika leo ili kaka yangu asije akakana baadaye. Yeye ni karani wa mahakama, huu mwaka wa ishirini na sita anabeba mafaili ya watu, na kwake neno lisiloandikwa halikusemwa. Haya basi, na liandikwe: leo saa tatu asubuhi binti yake ameingia katika duka langu la miwani na sanduku moja, mwavuli uliovunjika mbavu mbili, na cheti cha kumaliza sekondari chenye alama zilizonifanya nipige kigelegele mbele ya mteja. Mteja alikuwa amevaa fremu ya majaribio usoni. Akaruka, lenzi ikaanguka chini. Haikuvunjika.

Binti atakaa kwangu hadi Ijumaa tarehe 17 Aprili, kwa sababu huko kwao mtandao ni wa kubahatisha na maombi ya vyuo yanafanyika kwa kompyuta tu. Anachagua vyuo vitatu, cha kwanza mpaka cha tatu. Anaweza kubadilisha mara atakazo, ila kila badiliko linathibitishwa kwa namba inayotumwa kwenye simu ya mzazi. Siku ya mwisho, saa kumi na moja kamili jioni, basi tena.

Kaka anataka asome sheria. Mimi nataka asome sayansi ya macho, aje alirithi duka hili. Nina miaka hamsini na miwili, sina mtoto, na nina mashine ya kupimia macho inayoonewa wivu na jengo zima. Sioni kwa nini nijifanye sina upande.

Jumanne, 3 Machi

Nimemkuta amekunja uso akijaribu kusoma bango la duka la viatu ng'ambo ya barabara. Nikamkamata hapo hapo nikamkalisha kwenye kiti.

Kazi yangu yote iko katika swali moja. Unamvisha mtu fremu ya majaribio, unamwekea lenzi, anatazama ubao wa herufi. Kisha unamwekea nyingine na kumuuliza, "Hii, au hii?" Mbili tu kwa wakati mmoja, maana ukimpa tatu anavurugika. Wengine wananitoa jasho: rudisha ile ya kwanza, hapana, ile ya kabla ya ya kwanza, mpaka natamani kufunga duka. Binti wa kaka alijibu kama anayesoma kwenye karatasi. Ya pili. Ya kwanza. Ya pili. Dakika sita tumemaliza. Sijawahi kupata mgonjwa mwepesi namna ile, nikajua hapa nimepata mrithi.

"Na fremu?" nikamshikia mbili. "Hii au hii? Mimi naona ya kahawia inakupendeza zaidi."

"Ya kahawia, shangazi."

"Hutaki hata kuijaribu nyeusi?"

"Ya kahawia ni sawa. Sawa kabisa."

Kwake kila kitu ni sawa. Chai bila sukari, sawa. Kulala kwenye kochi fupi kuliko miguu yake, sawa. Dirishani nina fremu moja nyekundu, pana, yenye pembe zilizochongoka, niliyoinunua miaka kumi na mmoja iliyopita sijui nilikuwa nimepatwa na nini. Hakuna aliyethubutu kuivaa. Mteja mmoja aliyekuwapo akasema hiyo ni ya mchekeshaji, binti akacheka naye. Nikasema mimi naona ina haiba yake, binti akasema kweli, ina haiba. Nimeshampa jina: Sawasawa.

Alhamisi, 5 Machi

Miwani ya Sawasawa iko tayari. Kasema anaona vizuri. Mvua imeanza.

Jumatatu, 9 Machi

Leo tumefungua fomu. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Nikapanga vijitabu vya vyuo juu ya kaunta, cha macho nikakiweka juu kabisa, kwa bahati tu.

Simu ikalia. Kaka.

"Chaguo la kwanza sheria," akasema, hata salamu hakuna. "Weka spika anisikie. Mwanangu, wewe si unataka sheria?"

"Sawa, baba."

"Unamsikia? Mwenyewe anasema."

"Kaka, mtoto ana mikono mitulivu, huyu ni wa lenzi! Sawasawa, hebu sema, si tulizungumza jana?"

"Ndiyo, shangazi. Macho ni sawa pia."

Tulibishana mpaka salio la kaka likaisha. Matokeo ya raundi ya kwanza: sheria ya kwanza, macho ya pili, ualimu wa tatu, huo tumeujaza ili nafasi isibaki tupu. Nimeuma meno. Kuna wiki tano na nusu, tutaona.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua, umeme ukakatika, na Mheshimiwa amegoma. Mheshimiwa ni lifti ya jengo letu. Tulimwita hivyo kwa sababu huja anapotaka na huondoka bila kuaga. Duka langu liko ghorofa ya tatu na wateja wangu wengi ni watu wazima wenye magoti mabovu, kwa hiyo Mheshimiwa akigoma mimi ndiye nalala njaa. Bibi mmoja alipanda ngazi zote, akafika mlangoni kwangu akihema, akasema, "Mwanangu, nilikuja kupimwa macho, sasa nipime na moyo."

Fundi lifti amekuja mchana. Jitu nene, lina karanga mfukoni, linaimba kila wimbo kwa sauti moja mbovu. Nimempigia kelele. Akaendelea kutafuna.

Jumamosi, 14 Machi

Mheshimiwa amepona. Duka limejaa. Sawasawa amejifunza kusafisha lenzi bila kuacha alama ya kidole. Moyo wangu mweupe.

Jumatano, 18 Machi

Nilimtuma akalete kifurushi cha fremu kwa mlinzi getini. Saa nzima hakuonekana. Nilishuka, nikapanda, nikaulizia kwa kinyozi wa ghorofa ya kwanza, nikaanza kuwaza nitamwambia nini kaka. Nikampata juu kabisa, kwenye chumba cha mitambo chini ya paa, amemshikia fundi lifti tochi. Miwani kaisukuma juu ya kichwa. Mashavu yana grisi.

"Shangazi, njoo uone! Hii kamba unayoiona ni nyuzi mia na kitu zimesokotwa. Na lifti haivutwi kama ndoo ya kisima. Upande wa pili kuna mzigo, vinapishana. Ukipanda wewe, mzigo unashuka."

"Na kifurushi changu kinapanda lini?"

Akashtuka, akashika mdomo. Fundi akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Mama, huyu kaniuliza maswali kumi na manne. Wasaidizi wangu wa miaka miwili hawajaniuliza hata moja."

Nimemkaripia kidogo, kwa ajili ya kile kifurushi. Lakini naandika ukweli: sikuwahi kumsikia akisema sentensi tano mfululizo.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kaka kapiga simu mara tatu. Sheria, sheria, sheria.

Jumanne, 24 Machi

Ushindi! Leo nimemkalisha Sawasawa, nimemweleza juu ya duka, wateja, jina langu mjini, na jinsi nitakavyomwachia mashine. Nilitokwa na machozi kidogo, nakubali, nayo yalisaidia. Akasema, "Sawa, shangazi, tuweke macho ya kwanza." Nikampigia kaka nikiwa nimejiandaa kwa vita, kumbe alikuwa katikati ya kesi, akanitumia namba ile ili nimwache. Macho ya kwanza! Nimecheza mbele ya kioo cha wateja. Kinyozi aliyekuja kuchukua miwani yake kanipigia makofi.

Jumatano, 25 Machi

Kaka ametulia, amefikiri, amempigia binti yake. Sheria ya kwanza tena. Sawasawa akasema sawa.

Jumamosi, 28 Machi

Macho ya kwanza.

Jumapili, 29 Machi

Sheria. Hata Jumapili kaka hapumziki.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimefunga duka siku nzima, jambo ambalo halijatokea tangu nilazwe na homa mwaka juzi, nikampeleka Sawasawa kwenye siku ya wageni ya Chuo cha Sayansi ya Macho. Majengo mapya! Chumba kizima cha mashine zinazong'aa! Mimi ndiye niliyeuliza maswali, mimi ndiye niliyegusa kila kitu, mpaka mwalimu mmoja akaniuliza nitaanza masomo lini. Sawasawa alikuwa akisema nzuri, nzuri sana, shangazi.

Kuna lifti ya kioo pale chuoni, unaona kamba zote zikitembea. Alipanda na kushuka mara nne. Nilidhani ni utoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo nitaandika sana, mkono uniwie radhi.

Asubuhi nilimkuta Sawasawa nyuma ya kabati la fremu, amebana kichwa kwa mikono miwili. Kichwa kinamuuma. Tangu lini? Kidogo tu, shangazi. Tangu lini? Tangu ile wiki ya kwanza. Nikaitazama ile miwani mkononi mwake. Ndipo nikakumbuka: akipanda ngazi, anaivua. Akisoma, anaivua. Kule juu kwa fundi alikuwa ameiweka kichwani kama kitambaa cha nywele. Mwezi mzima natembea na ushahidi mbele ya macho yangu, na macho ndiyo kazi yangu.

Nikamkalisha kwenye kiti tena. Safari hii nikatumia mbinu ambayo mwalimu wangu alinifundisha kwa wagonjwa wenye adabu kupita kiasi. Nikamwekea lenzi. "Hii..." Nikaitoa, nikaigeuzageuza mkononi, nikairudisha ile ile. "...au hii?" Na sauti yangu nikaipandisha kidogo mwishoni, kwa makusudi.

"Ya pili," akasema. "Ya pili ni bora."

Nikarudia. Lenzi ile ile, ila sauti nikaipandisha kwenye ya kwanza.

"Ya kwanza, shangazi."

Nikavuta kiti nikakaa. Siku ile ya dakika sita hakuwa akitazama herufi hata kidogo. Alikuwa akinisikiliza mimi, anakisia nataka jibu gani, na ananipa. Na mimi, na sifa zangu zote mjini, nikamtengenezea mtoto miwani ya matakwa yangu, akaivaa mwezi mzima na kichwa kinampasuka, akisema sawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, shangazi."

Nililia. Sasa naandika bila aibu, nililia mbele yake. Kisha nikainuka, nikaenda nyuma ya kiti chake asinione uso, nikambadilishia lenzi kwa kupitisha mikono pembeni, na nikauliza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dobi. Hii au hii. Hii au hii. Alichukua dakika arobaini! Akasema rudisha. Akasema hapana, ile nyingine. Mara moja akasema, "Zote mbili mbaya," nami nikataka kumbusu utosini.

Tulipomaliza nilibaki pale pale nyuma yake. Sijui nani alinituma. Nikasema kwa sauti ile ile kavu, "Na chuo?"

Mvua juu ya kibaraza.

"Tazama ubao, usinitafute mimi. Sheria au macho?"

Akiziambia herufi za ubaoni, akasema: "Zote mbili mbaya."



"Ipi basi?"

"Kuna Chuo cha Mitambo. Wana kozi ya lifti na mashine za kunyanyua. Miaka mitatu. Wanachukua watu ishirini tu kwa mwaka. Nimesoma kijitabu chao mara... nimekisoma chote." Akavuta kamasi. "Mtu akishindwa ngazi, shangazi, ghorofa ya tatu kwake haipo. Fundi akiitengeneza, ipo tena. Nataka kufanya hiyo."

Nikarudisha lenzi kwenye sanduku lake, moja moja. Niliogopa sauti yangu.

Jumanne, 7 Aprili

Lenzi mpya nimeziweka kwenye fremu yake ya kahawia. Ametoka nje kwenye kibaraza akasoma bango la duka la viatu, mpaka maandishi madogo ya chini, kwa sauti, barabara nzima imesikia bei ya kandambili.

Jumatano, 8 Aprili

Nimenuna. Nimeipiga kitambaa mashine yangu siku nzima na kuihurumia, na kujihurumia mimi pia.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimepanda mpaka chumba cha mitambo, magoti yangu yananiambia mambo, kumuuliza fundi lifti kama kazi ile ni ya maana au ni ya kujipaka grisi tu. Akaacha kuimba. Akasema wasichana aliowahi kuwaona kwenye kazi hii ni wawili, na wote wawili ni mabosi wake. Kisha akanionyesha daftari ambalo Sawasawa aliliacha pale: michoro ya Mheshimiwa sehemu kwa sehemu, na ukurasa mzima wa masharti. Lifti ikikwama katikati ya ghorofa, mlango usifunguliwe kwa nguvu. Mtu asitoke, asivutwe. Mwite fundi, zungumza na waliomo ndani.

Mwandiko umenyooka kuliko wangu. Niliteremka ngazi nikiwa mwepesi ajabu. Mtoto wa kaka yangu anajua kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wetu anakijua! Nimenuna siku mbili, zinatosha.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimejitolea kuzungumza na kaka. Sawasawa amekataa, atamwambia mwenyewe. Nimefurahi. Amepiga simu. Nimekaa kando nikiwa nimekunja vidole.

"Shikamoo baba. Baba, nilitaka kusema kuhusu chuo..."

"Sheria iko ya kwanza bado?"

"Iko, baba."

"Ndio maana nakupenda, mwanangu. Usimwache shangazi yako akuzungushe."

"Sawa, baba."

Alipokata simu tulitazamana. Alikuwa amekasirika, na si mimi niliyemkasirisha. Amesema hawezi kwenye simu, anataka kumwambia uso kwa uso.

Jumatano, 15 Aprili

Kaka anakuja mwenyewe Ijumaa kusimamia siku ya mwisho. Anasema haniamini. Ana haki.

Ijumaa, 17 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio ingawa damu bado inachemka.

Basi la kaka lilipaswa kufika saa tano. Mvua imekula barabara, amefika getini kwetu saa tisa na dakika ishirini na tano, amelowa, ana mkoba na mfuko wa machungwa. Nikashuka kumpokea. Sawasawa alibaki juu, fomu wazi kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa na mtandao wa simu yake.

"Tupande ngazi," nikasema.

"Na goti langu hili? Lifti si hiyo?"

Tukaingia. Mheshimiwa akafunga mlango kwa heshima zote, akapanda, akapita ya kwanza, akapita ya pili. Umeme ukakatika. Tukasimama kwa kishindo, machungwa yakatawanyika gizani.

Simu ya kaka: hakuna mtandao. Yangu: hakuna. Saa tisa na nusu.

Kaka akaanza kugonga mlango kwa ngumi. Hatua zikasikika ngazini, nyingi, kisha sauti ya Sawasawa, karibu kabisa, kutoka juu ya vichwa vyetu kidogo.

"Baba? Shangazi? Kuna aliyeumia?"

"Hakuna! Mwambie mlinzi alete chuma afungue huu mlango!"

"Nimempigia fundi. Nimemwambia mko kati ya ya pili na ya tatu, watu wawili. Yuko njiani, foleni ya mvua, dakika arobaini."

"Arobaini! Mwanangu, saa kumi na moja wanafunga! Bila simu yangu huthibitishi kitu! Chuma!"

Nikasikia kweli mlinzi anakuja, chuma kinagonga ngazi, na watu wanamhimiza, kinyozi akiongoza. Kaka naye akaingiza vidole kwenye mlango wa ndani, akavuta, ukaachia shubiri moja. Mbele yetu ukuta, na juu mwanga mwembamba wa ghorofa ya tatu. "Nitapita hapa," akasema, akaanza kuvua koti.

"Nasikia mlango wa ndani unasogea," sauti ikasema. "Baba, toa mikono."

"Usinifundishe! Fungua huko nje!"

"Hapana, baba."

Kaka akageuka akanitazama, tochi ya simu ikimmulika kidevu. Nadhani alitaka nimthibitishie kwamba amesikia vizuri.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Sifungui, na mlinzi hafungui, nimesimama mbele ya mlango. Umeme ukirudi lifti inaweza kusogea na wewe uko nusu ndani nusu nje. Toa mikono, funga, kaeni chini."

"Nakuamuru!"

"Najua unaniamuru, baba. Toa mikono."

Akatoa. Sijui kama alitii au alishangaa. Mlango ukajifunga. Hatukuhesabu hata pumzi kumi, taa zikawaka, Mheshimiwa akaruka kwa nguvu, akashuka kama urefu wa mtoto, akasimama tena, giza. Machungwa yote yakakimbilia kona moja. Kaka alikaa chini taratibu akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja.

Huko nje watu walipiga yowe. Sauti yake tena, sasa inatoka mbali zaidi juu, inatetemeka lakini haikatiki.

"Mko salama?"

"Tuko salama," kaka akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Baba, kwa kuwa umekaa, kuna kitu nataka kukwambia. Sheria siitaki."

Nilimshika kaka mkono.

"Na macho sitaki. Shangazi anajua. Nataka Chuo cha Mitambo, kozi ya lifti. Niliogopa kukwambia kwa sababu unafurahi sana ukisema sheria."

"Lakini nilikuuliza," kaka akasema, polepole, si kwa hasira. "Kila mara nilikuuliza, ukasema sawa."

"Hata mimi nilimuuliza," nikamwambia. "Nikamtengenezea miwani ya uongo." Nikamweleza pale gizani habari ya lenzi moja iliyopita mara mbili. Kaka yangu amesikiliza mashahidi miaka ishirini na sita, anajua shahidi aliyewekewa maneno mdomoni anavyosikika.

"Mwanangu," akaita juu. "Hiyo lifti, wangevunja mlango na mimi nikiwa pale, ingekuwaje?"

"Usiniulize, baba," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Fundi alifika saa kumi na dakika ishirini na tano, anaimba. Akapanda juu, akaishusha lifti kwa mkono, shubiri kwa shubiri, mpaka sakafu ya ghorofa ya pili. Mlango ulipofunguka jengo zima lilikuwa pale. Sawasawa akamkumbatia baba yake na machungwa yake. Kisha akatazama saa ukutani akasema, "Kimbia!" Na kaka, na goti lake, akakimbia! Tulipanda zile ngazi sote watatu, kinyozi na mlinzi nyuma, saa kumi na dakika arobaini na mbili. Akabadilisha: Mitambo ya kwanza. Mtandao ukazunguka. Ukazunguka. Mimi nilikuwa nimeng'ata kitambaa cha kusafishia lenzi. Simu ya kaka ikalia mlio mfupi. Akavaa miwani yake, akaisoma ile namba kwa sauti kubwa ya mahakamani, tarakimu kwa tarakimu, na kila tarakimu ngazini wakaitikia.

"Yamethibitishwa," ikaandika kompyuta. Dakika kumi na moja zilikuwa zimebaki.

Kaka akasema, "Na ya pili utaweka nini?"

Mimi na kaka, sote wawili, tukafunga midomo. Ilitugharimu.

"Macho," akasema Sawasawa baada ya kufikiri. "Kweli, naipenda kidogo."

Ikaja namba nyingine, ikasomwa nayo. Sheria ilibaki ya tatu, ualimu ukaondoka. Kinyozi aligawa machungwa.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua imekatika. Kaka kapanda basi. Kateremka kwa ngazi.

Ijumaa, 8 Mei

AMECHAGULIWA! Mitambo, mmoja wa ishirini! Nimepiga kigelegele, mteja akaruka, lenzi ikaanguka, safari hii imevunjika na sijali. Kaka alikuwa mahakamani akakata simu, kisha akapiga kutoka chooni ili apate nafasi ya kupiga kelele.

Jumapili, 10 Mei

Kesho anaondoka. Nimemwambia fremu ya kahawia niliichagua mimi, na chuoni anahitaji mpya, zawadi yangu. Nikatoa mbili bora nilizonazo, moja ya bluu iliyokolea, moja ya rangi ya dhahabu, nyembamba, ile ambayo ningempa binti yangu mwenyewe. Nikasimama nyuma ya kiti, nikatumia sauti ya orodha ya dobi.

"Hii au hii?"

Alizitazama kwa zamu, bila haraka.

"Hakuna hata moja, shangazi. Nataka ile nyekundu ya dirishani."

Nilikwenda nikaitoa. Ilikuwa na vumbi la miaka kumi na mmoja, nikaifuta, nikamkatia lenzi mpya za kipimo chake, saa nzima ya kuzichonga pembeni. Akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akacheka kwa raha.

Kusema kweli haimkai. Ni pana mno kwa uso wake na zile pembe zinamfanya aonekane ameshtuliwa na kitu. Nimefunga mdomo wangu, nikamkazia vishikio nyuma ya masikio ili isimponyoke akiwa kazini.